Mtakatifu Karoli Borromeo na Tauni ya Milano

Ndugu wakatekumeni wapenzi, jina la Karoli si geni kwenu. Wengi wenu mwamjua Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, na baadhi yenu mmekwisha kuomba jina lake kwa siku ya Ubatizo. Leo nataka kuwasimulia habari za Karoli mwingine, aliyekuwa askofu mkuu wa mji wa Milano katika nchi ya Italia, na ambaye sisi makatekista twamhesabu kuwa msimamizi wetu mbinguni. Nitawaeleza hasa mambo aliyoyatenda mwaka 1576, tauni ilipoingia katika mji wake. Kwa maana mambo hayo yatufaa sana sisi watu wa Congo, tulioona katika nchi yetu magonjwa ya kuambukiza zaidi ya moja.

Karoli alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1538, huko Arona, kando ya ziwa. Ukoo wa Borromeo ulikuwa ukoo wa watu wakubwa, wenye ngome, mashamba na fedha nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alipewa mapato ya monasteri moja, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya siku zile, nayo aliyatoa kwa maskini. Hakuwa msemaji hodari. Ulimi wake ulikuwa mzito, akisema polepole na kwa shida, hata watu wengine wakamdhania kuwa mjinga. Lakini alisoma sheria katika chuo cha Pavia kwa bidii, akapata shahada ya udaktari mwaka 1559.

Mwaka ule ule ndugu ya mama yake alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Pio wa Nne. Papa alimwita mpwa wake Roma, na mwanzoni mwa mwaka 1560 akamfanya kardinali, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja tu. Hapo mtaniuliza: je, ni haki mjomba kumpa mpwawe cheo kikubwa namna ile? Haikuwa desturi njema, na Kanisa limekwisha kuiacha. Lakini Mungu aweza kutengeneza njia iliyonyoka hata kwa mti uliopinda. Karoli alifanya kazi usiku na mchana ili Mtaguso Mkuu wa Trento upate kumalizika, nao ulimalizika mwaka 1563. Baadaye alisimamia kazi ya kuandika ile Katekisimu ya Roma iliyotoka mwaka 1566, ambayo mapadre wameitumia miaka mingi sana kuwafundisha watu.

Kaka yake Federico alikufa ghafula mwaka 1562. Jamaa zake walitaka Karoli aache mambo ya Kanisa, aoe, apate watoto wa kurithi ukoo. Yeye akachagua upadre. Akapewa daraja takatifu mwaka 1563, kisha uaskofu, na mwaka 1565 akaingia Milano kukaa na watu wake. Jambo hilo liliwashangaza wengi, kwa maana Milano ulikuwa umekaa kwa miaka themanini hivi pasipo askofu wake kukaa humo. Maaskofu walikula mapato tu na kukaa mbali.

Kazi alizozifanya huko ni nyingi, nami sitazieleza zote. Alianzisha seminari, akawaonya mapadre wazembe, akatembelea parokia za milimani kwa miguu na juu ya nyumbu. Mwaka 1569 watawa fulani, waliokasirika kwa sababu aliwataka waache maisha ya anasa, walimtuma mtu ampige risasi wakati wa sala ya jioni. Risasi ikamgusa nguo, yeye asidhurike. Wakati wa njaa ya mwaka 1570 alilisha watu karibu 3,000 kila siku kwa muda wa miezi mitatu. Na shule za mafundisho ya dini, ambazo padre mmoja alikuwa amezianza Milano zamani kidogo, yeye alizizidisha hata alipokufa zilikuwa zaidi ya 700, zenye makatekista 3,000 na wanafunzi 40,000. Walikuwa watu wa kawaida, mafundi na wachuuzi, wanaume na wanawake, waliokusanya watoto siku ya Dominika.

Basi, tuje kwenye tauni.

Yafaa kwanza mjue tauni ni nini. Mgonjwa hushikwa na homa kali ghafula, kichwa chauma, na mitoki mikubwa yenye maumivu yavimba kwenye kinena, kwapani au shingoni. Asipopata dawa, mara nyingi hufa baada ya siku chache. Watu wa siku zile hawakujua watokako maradhi haya. Wengine walisema ni hewa mbovu, wengine nyota, wengine uchawi. Ilikuwa mwaka 1894 tu ndipo mganga Alexandre Yersin, huko Hong Kong, alipoona kwa hadubini kijidudu chenyewe, na mwaka 1898 mganga mwingine, Paul-Louis Simond, akatambua kwamba viroboto hukichukua kutoka kwa panya na kumtia mtu. Panya akifa, kiroboto humwacha, akatafuta damu nyingine. Kwa hiyo panya wakionekana wamekufa wengi kijijini pasipo sababu, si jambo la kuchekea: msiwashike kwa mikono, tena peni habari upesi kwa muuguzi wa zahanati. Msidhani ya kuwa ni hadithi ya Ulaya ya kale tu. Katika Ituri, upande wa Rethy, tauni imeonekana tena na tena, hata katika miaka ya 2020 na 2021. Lakini leo dawa yake ipo, na mgonjwa anayeletwa mapema huweza kupona.

Karoli hakuwa na dawa hiyo. Alikuwa na nini basi? Mtaona.

Mwaka 1575 tauni ilikuwa imekwisha kushika mji wa Trento, na mwaka uliofuata ikaenea Venezia na Mantova. Wakubwa wa Milano waliweka walinzi kwenye milango ya mji, msafiri asiingie bila cheti cha afya. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 1576, ugonjwa uliingia. Karoli hakuwapo siku ile. Alikuwa Lodi kwa ajili ya maziko ya askofu wa huko. Aliposikia habari alirudi mara moja. Njiani alikutana na watu waliokuwa wakikimbia, na magari yamejaa mali. Gavana, aliyeutawala mji kwa jina la mfalme wa Hispania, alitoka akaenda kukaa Vigevano, na matajiri wengi wakamfuata. Washauri walimsihi askofu mkuu naye ajifiche mahali pa salama, ili aliongoze jimbo kwa barua. Hakukubali. Aliandika wasia wake kama mtu anayejua kwamba huenda akafa, kisha akaanza kazi.

Nje ya mji palikuwa na nyumba kubwa ya kuwatenga wagonjwa, iliyoitwa lazareto. Ilikuwa na vyumba 288 vilivyozunguka uwanja mpana wa mraba. Karoli alipofika huko aliona mambo ya kuhuzunisha. Wagonjwa walikuwa wamefungiwa ndani, lakini chakula kilikuwa haba, wahudumu walikuwa wachache, na padre hakuwapo. Walitoa mikono yao madirishani wakimwomba baraka. Ndugu zangu, hapa pana neno la kufikiri. Kumtenga mgonjwa ni jambo jema, maana kwawaokoa wengine. Lakini kumtenga na kisha kumsahau ni kumwua. Nasi tumeona katika nchi yetu, siku za Ebola, jinsi watu walivyowakimbia waganga na kuwaficha wagonjwa vitandani, kwa sababu waliogopa kwamba aingiaye katika nyumba ya kutengwa hataonwa tena na jamaa zake. Mtu akijua kwamba ndani ya uzio atapewa chakula, atapewa sakramenti, na jina lake litakumbukwa, ataingia kwa hiari.

Karoli alilijua hilo. Aliyeyusha vyombo vyake vya fedha akanunua chakula. Wakati wa baridi ulipokaribia, na maskini hawana nguo, alitoa mapazia yote ya nyumba yake, mazulia ya ukutani, na nguo nyekundu na za zambarau za heshima, vikakatwa na kushonwa mavazi. Yasemekana nyumba ya askofu ilibaki tupu, naye mwenyewe hakuwa na kitanda kizuri. Akawatafuta mapadre na watawa wa kuwahudumia wagonjwa. Mwanzoni wengi waliogopa, lakini walipomwona yeye mwenyewe akiingia katika nyumba za wagonjwa, akibatiza mtoto aliyezaliwa na mama mwenye tauni, akampelekea padre mgonjwa sakramenti za mwisho, waliona haya wakamfuata. Mtawa mmoja Mkapuchini, ndugu Paolo Bellintani, alipewa kuitawala lazareto, naye aliitawala kwa mkono wa nguvu: wezi walioiba mali za wafu hawakupata raha kwake. Lazareto ilipojaa, vikajengwa vibanda vingi vya miti na majani nje ya malango ya mji.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposimulia maisha ya mtakatifu huyu. Wanasema aliingia kwa wagonjwa bila hofu, Mungu akamlinda. Basi wanamaliza hapo. Si hivyo tu. Kila alipotoka kwa wagonjwa Karoli alijihesabu kuwa mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa. Hakuruhusu watumishi wamkaribie na kumvisha, alijihudumia mwenyewe. Alichukua fimbo mkononi ili watu wasimsogelee, naye alikuwa mkuu ambaye kila mtu alitaka kumbusu mkono. Alitumia siki, ambayo watu wa siku zile waliiamini kuwa yasafisha. Aliwaagiza mapadre kwamba wakiisha kumpa mgonjwa Komunyo, wasafishe vidole vyao kwa siki au kuvipitisha katika mwali wa mshumaa. Hakuona kwamba tahadhari hiyo yampunguzia Mungu heshima. Alijiweka hatarini pale ambapo wajibu ulimtaka, wala hakumweka mtu mwingine hatarini bila sababu.

Lakini kulikuwa na ubishi juu ya jambo moja, nami sitawaficha. Mwanzoni mwa Oktoba Karoli alitaka kufanya maandamano matatu ya toba. Wakubwa wa afya waliogopa, wakisema kwamba watu wakikusanyika ugonjwa utaenea. Karoli alishikilia, maana aliona kwamba watu wamekata tamaa na wanahitaji kumlilia Mungu pamoja. Wakakubaliana kwa masharti: wagonjwa na wanaoshukiwa wasije, na wanaokuja waende mmoja mmoja kwa mistari miwili, wakiachana. Karoli alitangulia bila viatu, kamba shingoni kama mhalifu anayepelekwa kunyongwa, akichukua msalaba wenye Msumari Mtakatifu unaoheshimiwa katika kanisa kuu la Milano. Mguu wake uliumia ukatoka damu, asisimame.

Je, ni nani aliyekuwa na haki, askofu au wakubwa wa afya? Mimi ninaona kwamba hofu ya wale wakubwa ilikuwa na akili ndani yake. Mkutano wa watu wengi wakati wa ugonjwa wa kuambukiza ni hatari, hata ukiwa mkutano wa sala. Karoli aliwasikiliza nusu, akapunguza hatari, lakini hakuiondoa. Mtakatifu si mtu asiyekosea katika mambo ya uganga. Na ugonjwa haukupungua. Uliendelea kuua mwezi ule wote.

Ndipo likaja jambo kubwa. Tarehe 29 Oktoba 1576 ilitangazwa karantini kwa mji wote. Neno hili karantini latokana na hesabu ya arobaini katika lugha ya Italia, maana zamani merikebu zilizotoka penye ugonjwa zilingojeshwa siku arobaini. Watu wote wa Milano walitakiwa kukaa majumbani mwao, isipokuwa wale wenye kazi ya lazima na kibali. Nao wakaendelea kufungiwa hata mwaka mpya ukaingia, siku nyingi kupita arobaini. Fikirini mji wa watu zaidi ya laki moja, soko limefungwa, fundi hana kazi, mama hana la kupika! Mji ulilazimika kuwalisha maelfu ya maskini kwa fedha ya wote, na Karoli akaomba na kutoa hata akawa na madeni.

Na Misa je? Makanisani watu hawakuweza kwenda. Safari hii Karoli hakushindana na amri ile. Aliiunga mkono, akawahimiza watu waitii. Lakini aliona kwamba ikiwa watu hawawezi kwenda kanisani, kanisa laweza kuwaendea. Akaamuru altare zijengwe katika njia panda na mwanzo wa mitaa, Misa isomwe hapo asubuhi, na watu waitazame kutoka madirishani na milangoni. Mapadre walipita mtaa kwa mtaa wakichukua kiti kidogo. Padre akakaa nje, mwenye kuungama akakaa ndani nyuma ya mlango, akaungama dhambi zake. Komunyo ililetwa mlangoni. Kengele zililia mara saba kila siku, na kwa kila mlio mji mzima ulisali: padre akianza litania mtaani, watu wakiitikia kutoka madirishani, ghorofa za juu na za chini, upande huu na upande ule. Vijitabu vya sala vilichapwa, watu wakagawiwa. Mji uliokuwa umefungwa kama gereza ukasikika kama monasteri.

Mtakumbuka kwamba hapa Congo pia, mwezi wa tatu mwaka 2020, makanisa yalifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa Korona, nasi tukasali katika jamaa zetu kwa miezi kadhaa. Wakristu wengine walinung'unika wakisema kwamba tangu kuumbwa ulimwengu haijaonekana Dominika bila kwenda Misa. Kumbe ilikwisha kuonekana, na mtakatifu ndiye aliyewaambia watu wakae majumbani.

Majira ya baridi yalipokwisha, idadi ya wafu ilipungua sana. Ugonjwa uliinuka tena hapa na pale mwaka 1577, na mwanzoni mwa 1578 ndipo ilipotangazwa kwamba Milano umepona. Waliokufa mjini walikuwa kama 17,000, na miongoni mwao mapadre na watawa zaidi ya mia moja. Ni msiba mkubwa. Lakini Venezia, mji mkubwa kuliko Milano, ulipoteza karibu watu 50,000 katika tauni ile ile. Venezia nao ulikuwa na lazareto na sheria zake, kwa hiyo sitasema kwamba tofauti yote ilitokana na kazi ya mtu mmoja. Sifa ni ya wengi: wakubwa wa afya waliobaki, wazika wafu, wapishi, masista, akina mama waliowazuia watoto ndani.

Karoli hakuacha mambo hayo yasahauliwe. Mwaka 1579, katika mtaguso wa maaskofu wa jimbo lake kuu, alitoa maagizo marefu juu ya namna ya kuwatunza watu wakati wa tauni, ili padre atakayefikiwa na ugonjwa asianze kutafuta la kufanya siku ile ile. Aliagiza pia kijengwe kikanisa katikati ya uwanja wa lazareto, kisicho na kuta bali nguzo tu kila upande, ili mgonjwa akiwa kitandani katika chumba chake apate kuiona altare.

Kwa kufunga na kufanya kazi kupita nguvu, mwili wake ulichoka mapema. Alishikwa na homa akiwa katika mafungo ya kiroho mlimani Varallo, akarudi Milano, akafa jioni ya tarehe 3 Novemba 1584, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Alizikwa katika kanisa kuu. Papa Paulo wa Tano alimwandika katika hesabu ya watakatifu mwaka 1610, na sikukuu yake ni tarehe 4 Novemba.

Vyumba vya lazareto vilibomolewa karibu vyote zaidi ya miaka mia iliyopita, na mitaa ya mji imejengwa juu yake. Kikanisa kile bado kipo, na watu wa Milano wangali wakisali humo.